Shahada ya Mawasiliano kwa Programu ya Wikendi mjini Kampala: Tathmini ya Aliyeimaliza

Mwezi Agosti mwaka 2022 nilijiandikisha kusoma shahada ya kwanza ya mawasiliano, programu ya wikendi, katika chuo kikuu kimoja cha binafsi mjini Kampala, na mwishoni mwa mwaka 2025 nilikabidhiwa cheti na transkripti, yaani hati ya alama zangu zote. Jina la chuo sitalitaja. Nimezungumza na waliosoma fani hii katika vyuo vingine vitatu, nikagundua kwamba mengi yaliyonipata mimi yamewapata na wao, na nisingependa msomaji adhani kwamba akikikwepa chuo kimoja amekwisha kuyakwepa yote. Ninachotaka kukieleza hapa ni kile ambacho mtu mzima mwenye kazi na familia anakipata kwa fedha zake, na kile asichokipata, tangu siku anapolipia usajili hadi siku anapovaa joho.

Mimi ni mtangazaji wa vipindi vya Kiswahili katika redio moja ya mjini Busia, upande wa Uganda, kazi niliyoifanya kwa miaka tisa nikiwa na stashahada. Sheria ya waandishi wa habari ya mwaka 1995 inamtaka anayeomba uanachama kamili wa taasisi ya kitaifa ya waandishi wa habari awe na shahada ya uandishi wa habari au ya mawasiliano ya umma, ama shahada ya fani nyingine iliyoongezewa sifa ya uandishi wa habari. Wengi wetu tuliingia redioni kwa sababu ya sauti na ujuzi wa lugha, baada ya redio binafsi za FM kuanza kurusha matangazo nchini mwaka 1993 na kisha kuenea hadi miji ya mipakani, na tumefanya kazi miaka mingi tukijua kwamba sharti hilo lipo na kwamba siku moja litatufikia. Hata hivyo sikwenda chuoni kwa ajili ya sharti peke yake. Nilikuwa nimechoka kusoma matangazo hewani bila kujua kama yanaeleweka.

Nianze na gharama, kwa kuwa ndizo humrudisha mtu nyumbani kabla ya wakati. Ada ya masomo ilikuwa shilingi 1,450,000 kwa muhula, na juu yake kulikuwa na michango ya usajili, maktaba, mitihani na chama cha wanafunzi iliyofikia shilingi 420,000. Kwa mihula sita, hesabu hiyo inafika shilingi 11,220,000. Basi la kutoka Busia hadi Kampala, safari ya kama kilomita 200 kupitia Bugiri, Iganga na Jinja, lilinigharimu shilingi 25,000 kwenda na kiasi hichohicho kurudi, nami nilisafiri wikendi 15 kila muhula, kwa hiyo nauli peke yake ilikula shilingi 4,500,000 ambazo hazimo katika karatasi yoyote ya ada. Masomo yalianza Ijumaa saa kumi na moja jioni na kumalizika Jumapili alasiri, na usiku nililala Kireka, pembezoni mwa Kampala, kwa shangazi yangu, ambaye hakuwahi hata mara moja kuniuliza ningemaliza lini. Bila shangazi huyo nisingeuvuka mwaka wa kwanza. Anayetoka Arua, Gulu au Kabale na asiye na ndugu Kampala aipige hesabu ya malazi mapema, kwa sababu nimewaona wenzangu waliokuwa na akili kunizidi wakiacha masomo kwa sababu ya kitanda.

Kuhusu mafundisho, ubora wake haukuwa wa namna moja. Kozi za mwanzo zilikuwa za imla: tuliandika daftarini mfumo wa mawasiliano wa Lasswell wa mwaka 1948, tukauandika ule wa Shannon na Weaver wa mwaka 1949, tukavichora vishale vya mtuma ujumbe na mpokeaji, na miezi mitatu baadaye tukavichora tena kwenye karatasi ya mtihani. Hakuna aliyetueleza kwa nini Shannon, mhandisi wa kampuni ya simu, alihitaji mchoro huo, wala mchoro huo unashindwa wapi mtu anapozungumza na jirani yake sokoni. Sina zaidi ya hayo ya kusema juu ya muhula wa kwanza.

Kozi iliyorudisha ada yake yote ilikuwa ya sheria na maadili ya vyombo vya habari, iliyofundishwa na mhadhiri ambaye pia ni wakili. Tulianza kusoma naye Februari 2023, na tangu siku ya kwanza alikataa kutupa muhtasari. Alituletea hukumu zenyewe, kurasa kwa kurasa, akatutaka tuzisome kwa sauti darasani. Tulisoma hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 2004, katika kesi ya waandishi Charles Onyango-Obbo na Andrew Mwenda, iliyofuta kosa la kuchapisha habari za uongo. Tukasoma ile ya Mahakama ya Katiba ya mwaka 2010 iliyofuta kosa la uchochezi. Kisha akatuwekea mezani hukumu ya Januari 2023 ya mahakama hiyohiyo iliyofuta kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta, kilichofanya mawasiliano ya kielektroniki ya kumsumbua mtu kuwa kosa, na wakati huo wino wake ulikuwa haujakauka vizuri. Alikuwa akisoma habari moja ya gazeti, halafu anauliza: habari hii ingekupeleka jela mwaka gani, na ingekuacha huru mwaka gani? Katika miaka tisa ya utangazaji nilikuwa nimeogopa mambo ambayo sheria haikuyakataza tena, na nilikuwa nimeyasema bila kujua mambo ambayo bado yangeweza kunifikisha mahakamani. Kozi hii peke yake ningeilipia tena.

Kwa upande wa vitendo chuo kilikuwa na upungufu usiofichika. Darasa letu lilikuwa na wanafunzi 68, chumba cha kurekodia kilikuwa kimoja, na vinasa sauti vizima vilikuwa viwili. Mimi sikuumia, kwa kuwa nilikuwa na studio kazini, lakini vijana waliotoka moja kwa moja sekondari walifika mwaka wa tatu wakiwa hawajawahi kuhariri kipindi cha nusu saa wakiwa peke yao. Kilichowaokoa ni mafunzo kazini ya wiki kumi mwishoni mwa mwaka wa pili, na hata hapo kila mmoja alijitafutia nafasi mwenyewe.

Kozi ya mawasiliano ya afya ningependa niieleze kwa tukio. Tarehe 20 Septemba 2022, nikiwa ndiyo kwanza nimeanza masomo, serikali ilitangaza mlipuko wa Ebola katika wilaya ya Mubende. Redioni tuliletewa tangazo la Kiswahili lililosema watu waepuke kugusa "majimaji ya mwili" ya mgonjwa, nami nikalisoma kama lilivyo, mara sita kwa siku. Mama mmoja alipiga simu akauliza kama maji aliyomwogeshea mtoto wake mwenye homa yamo katika hayo majimaji. Sikuwa na jibu. Nilichofanya ni kulirudia tangazo lilelile, polepole zaidi, na swali lake nikabaki nalo.

Katika mwaka wa pili tulifundishwa kwamba ujumbe wa afya hujaribishwa kwanza kwa watu wachache kabla ya kutolewa kwa wengi, na kwamba kipimo si kumuuliza mtu kama ameelewa, kwa sababu atasema ndiyo kwa heshima, bali ni kumwomba aueleze ujumbe huo kwa maneno yake mwenyewe. Ebola ilipotangazwa tena, safari hii mjini Kampala, tarehe 30 Januari 2025, nililiandika tangazo upya pamoja na afisa wa afya wa wilaya. Badala ya majimaji tulitaja damu, matapishi, kinyesi, mkojo, jasho na mate ya mtu aliyekwisha kuugua. Kabla ya kwenda hewani nilimsomea mama anayeuza chai kwenye lango letu, naye akanieleza alichokisikia, akakosea mahali pamoja, kwenye neno "dalili", ambalo alidhani ni dawa. Tukaliondoa, tukaandika "ukiona mtu ana homa kali, anatapika au anatokwa damu". Mlipuko huo ulitangazwa kumalizika tarehe 26 Aprili 2025. Siwezi kusema tangazo letu lilimwokoa nani, lakini naweza kusema kwamba safari hii hakuna mama aliyebaki na swali ambalo nilishindwa kulijibu.

Sasa nije kwenye tasnifu, ambayo ndiyo sababu hasa ya kuandika tathmini hii. Mwaka wa tatu kila mwanafunzi hufanya utafiti chini ya msimamizi mmoja, na katika chuo chetu bahati ya msimamizi ilikuwa ndiyo bahati ya shahada nzima. Wapo waliowaona wasimamizi wao mara mbili tu, siku ya kupewa na siku ya kusainiwa. Mimi nilipangiwa Daktari mmoja, yaani mhadhiri mwenye shahada ya uzamivu, mwanamke wa makamo, aliyekulia kambi ya jeshi Jinja ambako baba yake alikuwa askari, na Kiswahili alikipata humo kambini kabla hajaingia darasa la kwanza. Hilo sikulijua siku nilipompelekea pendekezo langu la utafiti, na lilikuja kuwa jambo kubwa.

Nilitaka kujua wachuuzi wa dagaa katika mwalo wa Majanji, kwenye Ziwa Viktoria huko wilayani Busia, wanapata wapi habari za bei. Samaki hawa Waganda huwaita mukene, Wakenya huwaita omena, na Watanzania huwaita dagaa, na katika mwalo ule majina yote matatu husikika ndani ya sentensi moja. Redio yetu ilikuwa na kipindi cha bei za soko kila asubuhi, nami niliamini, bila kulisema waziwazi, kwamba utafiti utaonyesha kipindi hicho kina maana. Dodoso nililiandika kwa Kiingereza kama chuo kinavyotaka, nikawa nalitafsiri kwa mdomo palepale ufukweni, huku wanawake wakigeuza dagaa juani: "Je, unasikiliza redio kupata bei?" Karibu wote walijibu ndiyo. Nilirudi Kampala nikiwa na furaha, nikaandika kwamba wachuuzi walio wengi husikiliza redio ili kujua bei.

Daktari aliisoma sentensi hiyo akaiweka kalamu chini. "Niwekee sauti yenyewe," akasema. Nikamfungulia simu, tukasikiliza mahojiano ya mchuuzi mmoja wa makamo, nyuma yake kukisikika injini ya boti na kuku. Nilipomuuliza swali langu alijibu hivi: "Redio nasikia, lakini bei nauliza mama wa mizani." Daktari akaisimamisha sauti, akachukua karatasi, akaandika maneno mawili moja chini ya jingine: nasikia, nasikiliza. Halafu akaniambia, "Wewe ni mtangazaji. Umetafsiri unachokitamani." Nilitazama yale maneno mawili nikaona kwamba tasnifu yangu yote ilikuwa imesimama juu ya tofauti ya silabi chache ambazo mimi, mzungumzaji wa Kiswahili tangu utotoni, nilikuwa nimeziruka. Redio ilikuwapo mwaloni kama upepo unavyokuwapo. Iliimba, ilizungumza, ilisindikiza kazi. Hakuna aliyeitegea sikio kwa ajili ya bei.

Ilinibidi nirudi Majanji. Safari hii niliandika maswali kwa Kiswahili kwanza, na swali la redio nikalibadilisha: "Jana asubuhi redio iliyowashwa karibu nawe ilisema nini?" Wachache walikumbuka jambo lolote, na bei haikutajwa na hata mmoja. Ndipo nilipokwenda kukaa na mama wa mizani mwenyewe, ambaye mizani yake huning'inia kwenye miti mitatu iliyofungwa pamoja karibu na njia ya magari. Kila alfajiri hupigiwa simu na madereva wawili wa malori na mnunuzi mmoja wa mjini, na kwa kuwa kila gunia hupita kwake, anajua pia kilichopimwa jana na kilichobaki. Wachuuzi wanamwamini kwa sababu mizani yake haijawahi kupunja. Katz na Lazarsfeld waliandika mwaka 1955 kwamba habari za vyombo vya habari mara nyingi hupita kwanza kwa watu fulani wanaoaminiwa, nao ndio huzifikisha kwa wengine. Katika muhula wa kwanza nadharia hiyo tuliiandika kwa imla na sikuielewa. Niliielewa nilipokaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, nikimtazama mama huyo akijibu simu kwa mkono mmoja na kushika mizani kwa mwingine, ingawa kwake yeye hata habari zenyewe hazikuanzia redioni. Alinipa soda, akaniambia, "Mwanangu, hiyo bei yenu ya asubuhi ni ya jana." Alikuwa na haki, kwa sababu tulikuwa tunazikusanya bei alasiri na kuzisoma kesho yake.

Matokeo ya utafiti huo yalibadilisha kazi yangu. Sasa kipindi chetu cha saa kumi na mbili na nusu asubuhi humpigia simu mama wa mizani moja kwa moja, naye husema bei kwa sauti yake. Hili lilitoka katika shahada, nami nalihesabu kuwa faida kubwa kuliko cheti.

Lakini hapohapo ndipo lilipo lalamiko langu kubwa, nalo nalisema kwa uchungu. Katika kozi zote nilizosoma kwa miaka mitatu hapakuwa na hata moja ya kuandika habari kwa Kiswahili, wala kwa Kiluganda, wala kwa lugha nyingine yoyote ambayo Waganda huitumia wanaposikiliza redio. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na Julai 2022, mwezi mmoja kabla sijajiandikisha, Baraza la Mawaziri liliamua kwamba kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Gazeti la Bukedde limekuwa likitoka kwa Kiluganda tangu mwaka 1994 na limewaajiri wahitimu wa fani hii. Redio nyingi za mikoani hazitangazi kwa Kiingereza. Hata hivyo mwanafunzi anafundishwa kuandika habari kwa Kiingereza peke yake, kisha anapelekwa kazini akaitafsiri hewani, huku kipaza sauti kiko wazi, bila kufundishwa tafsiri hata kwa saa moja. Kosa nililolifanya mimi mwaloni lilitokana na mazoea hayo. Na lau msimamizi wangu angekuwa mtu asiyejua Kiswahili, tasnifu ingepita, ningepata alama nzuri, na uongo wangu ungewekwa maktaba.

Katika kikao cha utetezi mjumbe mmoja alitaka maneno ya wachuuzi kwa Kiswahili yaondolewe, akisema yanajaza kurasa na tafsiri inatosha. Daktari alimjibu kwa upole kwamba bila neno "nasikia" sura ya nne yote haina msingi, na maneno yakabaki, Kiswahili upande wa kushoto na Kiingereza upande wa kulia. Namshukuru kwa jambo hilo kila ninapoifungua.

Mtu angedhani kwamba baada ya utetezi shahada imekwisha. Haijaisha. Orodha ya awali ya wahitimu ilipobandikwa, jina langu halikuwamo, kwa sababu alama za takwimu za muhula wa tatu hazikuonekana. Nilikuwa nimeufanya mtihani, nilikuwa nimesaini karatasi ya mahudhurio, na mhadhiri, ambaye alikuwa amekwisha kuhamia chuo kingine, alinijibu kwa ujumbe wa simu kwamba alikabidhi alama zote. Nilisafiri kutoka Busia hadi Kampala mara tano kwa ajili ya karatasi moja. Ofisi ya mitihani ilikuwa na dirisha la kioo lenye tundu dogo kiasi kwamba lazima uiname ili usikike, na mara nne nilijibiwa maneno yaleyale: "Rudi wiki ijayo, ndugu yangu." Barua mbili nilizoandika hazikujibiwa.

Mara ya tano nilimkuta mama mmoja mtu mzima ambaye sikuwa nimemwona pale kabla. Aliitazama fomu yangu, akanitazama mimi, akafungua mlango wa pembeni. "Ingia, mwanangu, tutafute wote." Tulishusha maboksi kutoka juu ya kabati, tukapekua vijitabu vya majibu vya darasa letu, hamna. Ndipo alipofikiri kufungua boksi la wanafunzi wa mchana. Kijitabu changu kilikuwa katikati ya vijitabu vyao, na niliutambua mwandiko wangu kabla ya kuisoma namba ya usajili. Juu yake paliandikwa 71 kwa kalamu nyekundu, alama iliyokaa humo zaidi ya mwaka na nusu bila kuingizwa popote. Siku mbili baadaye orodha ilifungwa, nami nikiwamo. Wenzangu wanne waliokuwa na tatizo la namna hiyo hawakuwahi, wakasubiri mahafali ya mwaka uliofuata, na mmoja wao alipoteza nafasi ya kazi aliyokuwa ameahidiwa. Nimeumia kuona kwamba idara inayofundisha mawasiliano haikuwa na njia yoyote ya kumjulisha mwanafunzi, mapema, kwamba alama yake haipo. Ujumbe mmoja wa simu mwishoni mwa kila muhula ungetosha.

Kwa hiyo anayesoma sasa, popote alipo, achukue taarifa ya matokeo yake kila muhula ikiwa na mhuri, na asiahirishe kufuatilia kozi yenye nafasi tupu hata kama ameambiwa itajazwa.

Mambo ya mwisho yalikwenda vizuri. Fomu ya kukamilisha taratibu ina saini saba, kuanzia maktaba hadi kwa mhasibu, nami niliimaliza kwa siku moja na nusu kwa kufika asubuhi. Tasnifu niliipeleka kujalidiwa kwenye kibanda kimoja cha Wandegeya, mtaa wa Kampala, nakala tatu za jalada gumu kwa shilingi 25,000 kila moja, na kijana wa pale, kabla ya kutia gundi, alihesabu kurasa za kila nakala kwa kidole akagundua kwamba nakala ya pili ilikosa ukurasa wa 41. Hakunitoza senti ya kuuchapa upya. Nakala moja ilibaki idarani, ya pili ikaenda maktaba, ya tatu niliipeleka Majanji, na kwa kuwa mama wa mizani alitaka kujua kilichoandikwa humo, nimeanza kumtafsiria. Tumemaliza sura mbili. Uganda tunapima shahada kwa kipimo cha alama 5.00, na mimi nilimaliza na 4.12, yaani daraja la pili la juu, ambalo huanzia 3.60 na kuishia 4.39.

Je, ningeilipa tena? Ndiyo, na mdogo wangu anayefanya kazi redioni Tororo nimemshauri aende, ila nimemshauri afanye kwanza yale ambayo mimi sikuyafanya. Athibitishe kwamba programu yenyewe, na si chuo tu, ina ithibati ya Baraza la Taifa la Elimu ya Juu ambayo muda wake haujapita, kwa sababu Baraza huidhinisha programu moja moja, na mwaka 2023 palizuka mjadala mkubwa nchini kuhusu programu ambazo muda wake ulikuwa umepita. Aombe kuiona studio, tena siku ya Jumamosi wakati darasa la wikendi lipo, ahesabu vifaa na ahesabu vichwa. Aulize nani anafundisha sheria, na kama wanafunzi husoma hukumu zenyewe. Aulize kila msimamizi hupewa wanafunzi wangapi wa utafiti kwa mwaka, na kama miongoni mwao yupo anayejua lugha ya watu ambao yeye anataka kwenda kuwahoji. Kisha apite kwenye ofisi ya mitihani, aombe kuzungumza na mtu anayeingiza alama, na amuulize vijitabu vya majibu vya wanafunzi wa wikendi huwekwa wapi.